Deni la Mkarafuu na Deni la Simu

Anayetaka kufahamu kwa nini kijana wa Unguja, wa Mombasa au wa Dar es Salaam, ambaye pengine hajapata kuingia katika ukumbi wa benki maisha yake yote, huuliza kabla ya jambo lolote kama hisabu anayotaka kuifungua katika simu yake imesalimika na riba, asianze na simu, wala asianze na benki. Aanze na shamba la mikarafuu.

Mikarafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa visiwa zama hizo, alipokwisha kuiona faida yake, akaieneza kwa himma kubwa hata mashamba ya Unguja na Pemba yakawa ndiyo utajiri wa visiwa. Walakini mkarafuu ni mti wa watu wenye subira: hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, huzaa sana mwaka mmoja na mwaka mwingine ukapumzika, na unapozaa hutaka mikono mingi kwa wakati mmoja. Kwa hivyo mwenye shamba alikuwa siku zote mtu mwenye mali asiye na fedha. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na waliopanda upya walipanda kwa fedha za watu. Kisha ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyoiondoa hadhi ya utumwa katika sheria, na wenye mashamba wakajikuta hawana budi kuwalipa wachumaji kwa fedha taslimu ambazo hawakuwa nazo ila baada ya karafuu kuuzwa. Fedha zilikuwako, lakini zilikuwako kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Mji Mkongwe, na kila aliyezifuata huko alikuta mlango wa kuzipata umekwisha kutengenezwa zamani. Mlango huo ulikuwa bei ya khiyari.

Biashara hiyo ilikwenda hivi. Mwenye shamba humuuzia mkopeshaji shamba lake kwa bei iliyo chini ya thamani yake, na katika hati ile ile hujiwekea khiyari ya kulirejesha kwa bei ile ile ndani ya muda uliotajwa. Kisha mnunuzi, ambaye hana haja ya kuchuma karafuu wala pengine haijui njia ya kwendea shambani, hulikodisha shamba kwa yule yule aliyemuuzia, na huyo huendelea kukaa humo, akilipa ijara mwaka kwa mwaka hata siku ya kulikomboa. Akiirudisha bei, shamba ni lake. Muda ukipita, mauzo yametimia na hana lake tena. Tazama jinsi mambo yalivyopangika: hapana mkopo, kwa kuwa yako mauzo, hapana riba, kwa kuwa iko ijara, na kadhi akisomewa hati hiyo haoni ndani yake neno hata moja la kumchukiza. Lakini ukiichukua ile ijara ya mwaka ukailinganisha na ile bei iliyotolewa, hupati kodi ya shamba kama mashamba yalivyokodishwa baina ya majirani. Unapata malipo ya fedha kukaa kwa mtu, nayo yalijulikana na mkopaji, na mkopeshaji, na hata dalali aliyekaa baina yao.

Hila hii haikubuniwa Unguja. Waomani waliijua kwao, Wahadhrami walikuwa na yao waliyoiita uhda, na watu wa Bukhara na Samarkand walikuwa wakiuziana mashamba kwa mtindo huo huo karne nyingi kabla ya karafuu ya kwanza kupandwa visiwani, wakiuita bei ya wafa. Wala mafakihi hawakufumba macho. Walikhitilafiana sana, wengine wakiipitisha kwa dharura ya watu, kwa kuwa aliyefungiwa mlango huu angekwenda kwenye mwingine ulio mbaya zaidi. Na wengine walisema kwamba mwenye kununua kwa nia ya kula ijara, na si kwa nia ya kulimiliki shamba, amekula riba hata hati yake ingeandikwa kwa maji ya dhahabu. Mimi nawaelewa wa kwanza na nawaamini wa pili. Na lau kuna jambo moja ambalo tarikh ya pwani yetu inalo la kumwambia kijana wa leo juu ya benki za Kiislamu, ni hili: kwamba sisi si wageni wa riba iliyobadilishwa jina, na kwamba babu zetu waliyapoteza mashamba yao kwa hati zilizokuwa halali kwa maneno yake.

Bara nako biashara ilikuwa ya mkopo, ila ya sura nyingine. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuondoka na fedha. Iliondoka na nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti, vitu vilivyotolewa kwa muda na matajiri wa Unguja, ambao mmoja wa mashuhuri wao alikuwa Taria Topan, ndiye aliyemtegemeza Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, katika safari zake kubwa. Msafara uliweza kukaa huko miaka, na wengine hawakurudi. Basi tajiri aliipandisha bei ya bidhaa tangu mwanzo, hata jora moja la nguo likawa na bei ya mwenye fedha mkononi na bei ya mwenye kungojewa. Hapa sheria ya Kiislamu haikukunja uso, kwani wengi wa mafakihi wamekubali kwamba bei ya muda inaweza kuzidi bei ya taslimu, maadamu bidhaa ni ya kweli, bei ni moja waliyoafikiana, na deni haliongezeki kwa kuchelewa. Tofauti hii baina ya kumuuzia mtu kitu kwa muda na kumuuzia muda wenyewe ni ndogo machoni, lakini benki za Kiislamu za leo zimejengwa juu yake, na mkataba wao unaotumika kuliko yote, murabaha, ambao benki hununua kitu ikamuuzia mteja kwa muda na kwa faida, hauna asili ila hiyo. Kulikuwa na njia bora zaidi, ya mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi, faida wakaigawa na hasara ya mtaji ikamwangukia mwenye mtaji. Na mabaharia wa majahazi waliokuja na kaskazi kutoka Ghuba walilipwa kwa mafungu ya faida ya safari na si kwa mshahara. Maulamaa huisifu sana njia hii. Benki huisifu pia, na huitumia kidogo.

Waingereza walipozishika mahakama za Unguja, majaji wao, waliosomea sheria za kwao, waliitazama hati ya bei ya khiyari wakaona rahani iliyovaa kanzu, wakaanza kuihukumu kama rahani. Kwa kufanya hivyo walimsaidia mdeni, kwani shamba halikupotea tena kwa kupita siku tu; lakini pia waliivua biashara ile kanzu yake, na riba ambayo jana ilionewa haya ikaanza kudaiwa wazi mbele ya hakimu. Miaka ya 1930 bei ya karafuu ilipoanguka pamoja na bei za dunia nzima, ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya mashamba imezama katika madeni. Serikali ikatoa amri mwaka 1934, moja ya kuyasimamisha madeni kwa muda na nyingine ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isiende kwa watu wa jamii nyingine bila ya idhini. Na mwaka 1937, Chama cha Wakulima wa Karafuu kilipopewa biashara yote ya ununuzi, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India, ambayo ilikuwa katika wanunuzi wakubwa wa karafuu, ikaisusia hata yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Nayapita haya upesi. Ugomvi ulikwisha kuwa wa makabila na wa siasa, na lile swali la asili, la ipi ni biashara na ipi ni riba, likazama katika kelele zake, ingawa ndilo lililokuwa na manufaa zaidi kwa waliokuja baadaye.

Benki za Kizungu zilikuwa zimekwisha fika: National Bank of India ilifungua Unguja na Mombasa kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha, na mjini Unguja palikuwa na nyumba ya Jetha Lila, benki ya Wahindi wenyewe. Mswahili wa kawaida hakuwa na shughuli nazo. Fedha yake aliiweka nyumbani, au aliiweka amana kwa mtu mwaminifu wa mtaani, aghlabu mwenye duka au mwalimu wa madrasa, ambaye hakulipa wala hakulipwa. Aliyelazimika kuwa na hisabu ya benki, kama karani wa serikali, alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilimwacha na uchungu: aichukue riba aliyopewa akaitoe kwa maskini bila ya kutarajia thawabu, au aiache pale pale ilipo, ikawa ni zawadi kwa benki. Jambo hili liliwasumbua Waislamu wa nchi nyingi. Huko Misri, Serikali ilipoanzisha hazina ya akiba ya posta mwaka 1901, maelfu ya watu waliweka fedha zao na kisha wakakataa kupokea faida yake, na rai inayonasibishwa na Sheikh Muhammad Abduh juu ya mas-ala hayo imebishaniwa hata leo. Jarida la Al-Manar, la mwanafunzi wake Rashid Rida, lilisomwa Mombasa na Unguja, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti lake la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, alikuwa mmoja wa wasomaji wake. Kwa hivyo mjadala ule wa Kairo haukuwa wa mbali na baraza zetu kama masafa yanavyodhaniwa.

Misri hiyo hiyo ndiko kulikojaribiwa jawabu. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr ulioko kwenye delta ya Nili, Ahmad al-Najjar, aliyekuwa amesoma Ujerumani na kuziona benki za akiba za wakulima wa huko, alianzisha benki isiyotoa wala kutoza riba, na wakulima waliokuwa wakizika fedha zao chini ya sakafu wakazitoa. Haikudumu miaka mingi, lakini fikra ilikwisha toka. Malaysia nayo ilianzisha mwaka huo huo mfuko wa kuwawekea akiba mahujaji watarajiwa, mfuko ambao umekuwa mkubwa ajabu. Mwaka 1975 ukafunguliwa mlango wa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu mjini Jeddah na wa Dubai Islamic Bank. Huku kwetu zamani hizo hazikuwa za kuchagua benki. Unguja ilikuwa na Benki ya Watu wa Zanzibar tangu 1966, na Tanzania Bara, baada ya Azimio la Arusha, zikataifishwa benki zote Februari 1967. Mwenye fedha alikwenda palipokuwapo.

Kwa benki za Kiislamu, Kenya ndiyo iliyotangulia katika Afrika Mashariki. Desemba 2005 Barclays ilifungua hisabu iliyoiita La Riba, na wengi wakastaajabu kwamba Waingereza ndio waliowahi. Walakini benki kamili ya Kiislamu ilikuwa na kizuizi katika sheria yenyewe, kwani sheria ya benki ya Kenya, kama sheria nyingi zilizorithiwa kwa Waingereza, huikataza benki kununua na kuuza bidhaa na ardhi, ilhali benki ya Kiislamu haiwezi kukopesha ila kwa kununua kitu kwanza na kukiuza. Mwaka 2006 Bunge likairekebisha sheria, likaongeza kando ya neno la riba maneno yenye kuruhusu pato kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, na mwaka 2008 zikafungua milango Gulf African Bank na First Community Bank. Tanzania haikutunga sheria mpya. Benki za kawaida zilifungua madirisha ya huduma za Kiislamu, Benki ya Watu wa Zanzibar ikawa na tawi lake la Kiislamu mwaka 2011, na mwishoni mwa mwaka huo Amana Bank ikaanza kazi Dar es Salaam.

Ajabu ni kwamba, benki hizi zilipofunguliwa, kijana wa pwani alikuwa amekwisha pata hisabu isiyo na riba pasipo mtu yeyote kukusudia kumpa. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Kwa kuwa kampuni ya simu si benki, haikuruhusiwa kumlipa mteja riba juu ya fedha zake. Fedha zote ziliwekwa benki chini ya udhamini, na riba iliyozaliwa huko Kenya ikapelekwa kwenye kazi za hisani. Yaani amana ile ya zamani, ya fedha iliyowekwa kwa mtu mwaminifu asiyelipa wala kulipwa, ilirudi kwa mlango wa kanuni za Benki Kuu, na hapakutakiwa fatwa. Vijana wakaizoea. Muuza urojo akapokea malipo yake humo, mwanafunzi wa chuo akatumiwa ada na mjomba aliyeko Maskati, na hapana aliyeona haja ya kumuuliza sheikh.

Haja ilikuja na mikopo. Novemba 2012 Safaricom na benki ya CBA zilitoa M-Shwari, ambamo mtu alikopa kwa simu na kulipa ndani ya siku thelathini pamoja na asilimia 7.5, na mwaka 2014 ikafuata M-Pawa upande wa Tanzania. Katika mwaka huo huo, huko huko Tanzania, kampuni ya simu ya Tigo ikaanza kuwagawia wateja wake pato la fedha zilizokuwa katika udhamini, na ile amana isiyolipa nayo ikaanza kulipa. Ile asilimia 7.5 ya M-Shwari haikuitwa riba, iliitwa ada. Riba ya mkarafuu ilijificha katika ijara, na hii ya simu imejificha katika ada, isipokuwa mkopeshaji wa zamani alijificha kwa kumwonea haya kadhi, na huyu wa sasa hakuwa na kadhi wa kumwonea haya. Asilimia saba na nusu kwa mwezi, ukiihesabu kwa mwaka, inafikia asilimia tisini. Kijana aliyekopa shilingi elfu mbili ili anunue bando na nauli hakuihesabu hivyo, mpaka jina lake lilipopelekwa kwenye daftari la wadeni. Na daftari hilo lilijaa majina ya vijana hata Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ikaamuru asiandikwe tena mdeni wa kiasi kisichofika shilingi elfu moja.

Baada ya hapo ndipo benki za Kiislamu zilipoona kwamba kijana hatazifuata kwenye kaunta, na kwamba hazina budi kumfuata yeye kwenye simu. Zikatoa programu zao, zikaruhusu hisabu ifunguliwe kwa picha ya kitambulisho, na nchini Kenya, Gulf African Bank ikashirikiana na Safaricom kutoa mkopo uitwao Halal Pesa. Na vijana wamezipokea, wengine kwa dini, wengine kwa kuwa rafiki zao wamo, na wengine, tuseme kweli, kwa kuwa wameungua kwingine. Sioni vibaya. Babu yao naye hakuiendea bei ya khiyari kwa mapenzi ya fikihi.

Lakini hapa ndipo penye mzizi wa mambo, na vijana wenye kuhudhuria darsa wanaujua kuliko wazee wanavyodhani. Murabaha huhitaji kitu cha kuuzwa: pikipiki, cherehani, friji. Mwenye kuomba shilingi elfu tano usiku kwa simu hataki kitu, anataka fedha. Njia inayotumika sana ulimwenguni kumpatia fedha bila ya kuitaja riba ni tawarruki: benki hununua bidhaa sokoni, humuuzia mteja kwa muda na kwa bei ya juu, kisha kwa wakala wake huiuza papo hapo kwa mtu wa tatu kwa taslimu, na taslimu hiyo ndiyo inayoingia katika simu. Kuna soko zima kwa ajili ya kazi hii, Bursa Suq Al-Sila la Kuala Lumpur, lililoanza mwaka 2009, ambamo mafuta ya mawese huuzwa na kununuliwa na watu ambao hawatayaona. Mwaka huo huo wa 2009 Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, lilipokutana Sharjah, lilitoa uamuzi kwamba tawarruki iliyopangwa namna hii haijuzu. Benki nyingi, kwa kauli za maulamaa wa bodi zao, zimeendelea nayo. Anayezijua hati za Pemba hatapata shida kuitambua: mnunuzi asiyekitaka alichokinunua, muuzaji asiyekusudia kuuza, na baina yao kitu ambacho kazi yake yote ni kupita.

Sisemi kwamba mkopo wa Kiislamu wa simu na mkopo wa ada ni kitu kimoja. Katika ule wa kwanza deni hujulikana siku ya kwanza na halizai kwa kuchelewa. Tozo ya mwenye kukawia, ikiwapo, hutakiwa itolewe sadaka na isiingie katika faida ya benki. Na ziko bodi za maulamaa wanaoweza kuulizwa kwa majina yao. Haya si madogo. Ila Kurani, katika aya yake iliyo ndefu kuliko zote, imeamrisha deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na mdeni ndiye atakayeimlisha hati. Ilhali kijana wetu hubonyeza neno la kukubali chini ya kurasa nyingi za masharti ambayo aghlabu yako kwa Kiingereza cha mawakili, na anachobakiwa nacho mkononi ni ujumbe mfupi wenye kiasi na tarehe. Mwenye shamba wa Pemba angalau alisomewa hati yake mbele ya mashahidi. Benki itakayouandika mkataba wake wa simu kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikasema ni bidhaa gani imenunuliwa na kwa bei gani, itakuwa imefanya jambo ambalo wakopeshaji wa Mji Mkongwe hawakulifanya kwa miaka mia.

Na wakati wote huo upatu unaendelea. Wanawake wa pwani wamekuwa wakiucheza tangu zamani zisizojulikana: kumi au ishirini huchanga kila wiki au kila mwezi, jumla akaichukua mmoja kwa zamu, na kijumbe akawa ndiye mwenye daftari na dhamana. Ni mkopo kwa aliyetangulia na akiba kwa aliyechelewa, haumzidishii mtu wala haumpunguzii, na sijui fakihi wa huku aliyeona taabu nao. Siku hizi binti zao wanaucheza katika makundi ya simu, kijumbe akiwa Magomeni na wachezaji wake wakiwa Tanga, Chake Chake na Maskati, michango ikipita kwa M-Pesa na zamu zikiandikwa mahali ambapo kila mmoja anaziona. Kampuni ya simu hupata ada ya kutuma. Benki, za Kiislamu na zisizo za Kiislamu, aghlabu hazipati kitu humo.